Fabiani na ngoma isiyotaka spika

Saa mbili asubuhi, juu ya paa la ghorofa kuukuu mtaani Berea, Afrika Kusini, Fabiani Luhende anaibonyeza ngozi ya mbuzi iliyolowekwa kwenye ndoo, anatikisa kichwa, anairudisha majini.

"Bado inanibishia," anasema.

Fabiani, 56, mzaliwa wa Morogoro, huwamba ngoma za Marasta wa mitaa hii. Ngoma zikikosekana hushona viatu, maana mwenye nyumba hasikilizi muziki.

Leo anawamba ya kwake, ile kubwa ya besi aliyorithi kwa Mzee Alvin, Mjamaika aliyezeekea jirani hapa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimechoka, na hajapatikana wa kumpokea.

"Nikiacha kuipiga, itageuka meza ya kuwekea chai," anasema, na hacheki.

Rege aliijulia Morogoro kwa kaseti, akicheza na Zodwa, binti wa Afrika Kusini aliyekuwa ukimbizini huko. Mwaka 1993 alimfuata kwao kama mume. Zodwa sasa ni marehemu.

"Zile kaseti zikilia, namwona na gauni lake la njano. Namkumbuka sana."

Jumamosi ya kwanza alipoalikwa kwenye ibada ya Marasta, Fabiani alitinga na redio kaseti begani na spika kwapani. Alidhani rege ndiyo ibada yenyewe. Waumini wote wakamgeukia.

"Mzee Alvin akaniambia, 'Zima kwanza. Huyo ni mtoto. Kaa umsikilize mama yake.' Nilitamani ardhi inimeze."

Mama mwenyewe ni ngoma tatu zisizojua umeme, zikidunda kama moyo. Mzee Alvin alimweleza kuwa Waafrika waliopelekwa utumwani Jamaika hawakuacha kupiga ngoma. Marasta wakasali kwazo, kisha vijana wakaupeleka mdundo huo kwenye magitaa na studio, ndipo rege ikazaliwa.

Wiki iliyopita bintiye Chiku, 22, anayesomea kurekodi muziki Braamfontein, alipanda hapa na maikrofoni. Alitaka kuihifadhi sauti ya ngoma kabla mkono wa baba haujagoma kabisa.

"Zima kwanza, mwanangu," Fabiani alimwambia, akacheka mpaka akakohoa.

"Eish, baba, nisiporekodi nitaipigaje baadaye?" Chiku alijibu kwa Kiingereza.

"Kwa mikono."

Binti alikunja waya zake, akashuka amenuna. Tangu siku hiyo hajapiga simu, na Fabiani hafichi kwamba inamuuma.

Adhuhuri ngozi inakubali. Fabiani anaitandaza juu ya ngoma, anavuta kamba, inamponyoka mkononi. Anajaribu tena. Mlango wa ngazi unafunguka na Chiku anatokea, hana begi wala waya.

"Baba, nivute wapi?" anauliza, kwa Kiswahili cha kujikwaa.

Fabiani anamwonyesha fundo, anasogea kumpisha. Chiku anavuta mpaka ngozi inakaa sawa.

"Ikikauka, Jumamosi ibadani ataipiga huyu binti," Fabiani anasema, akifuta macho kwa kiganja chenye maji ya ngozi. "Mimi nitakaa nyuma nisikilize."