Matanga ya Mpagazi wa Sinema

Sinema yangu ya kwanza ya kutisha niliitazama nikiwa nimeng'ang'ania mkono wa bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa Jumamosi mchana, Tabora mjini, enzi za Mwingereza, katika ukumbi uliowahi kuwa ghala la nta na bado ulinukia asali. Mama alikataa niende peke yangu, ndipo bibi akajitolea. "Nampeleka mke mwenzangu tukaone mashetani ya Wazungu," alisema. "Tujue kama wana mashetani ya maana."

Hawakuwa nayo. Zimwi lenyewe lilikuwa mtu aliyeviringishwa matambara, likitembea kama aliyebanwa na viatu vipya. Wazungu watatu walikuwa wakilisaka porini, na mbele yao alitangulia mpagazi mweusi, amejitwika sanduku. Ndiye pekee wa rangi yetu katika picha nzima. Hakupewa jina, hakusema neno. Aliposikia kijiti kikivunjika alitoa macho, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka. Kisha zimwi likamkaba. Mzungu mmoja akaliokota sanduku, akaligeuzageuza kuona kama limevunjika, wakaendelea na safari.

Bibi akasimama. "Na huyu anazikwa na nani?"

"Kaa chini, bibi, unatuziba!" watu walipiga kelele. Hakukaa. Alisimama mpaka picha ikaisha, akisubiri warudi kumchukua. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, alitandika mikeka uani, akajifunga kaniki, akatuma majirani waambiwe kuna msiba. Mama alihangaika. "Mama, yule ni mwigizaji tu. Yu hai, anakula mshahara wake."

"Basi na aje, uji wake huu hapa," bibi alijibu, akaendelea kukoroga.

Mama akanivuta kando, akanieleza nisichokijua. Kaka yake bibi alikuwa mpagazi. Aliondoka na msafara wa pembe za ndovu kwenda pwani, bibi akiwa msichana mdogo, na walipopita kijiji cha Tura akashikwa na homa. Wenzake waligawana mzigo wake, yeye wakamlaza kando ya njia. Kwa kuwa hakuna aliyemwona akikata roho, baba yao alikataza matanga, huenda kijana angerudi. Bibi alikuwa akingoja kumlilia tangu siku hiyo.

Majirani walikuja, wengine kwa heshima, wengine kwa umbea. Wa mwisho kuingia alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kizaramo. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na msiba bila mtani wa kufanya mzaha kwetu haujatimia. Nilimpenda sana mzee yule, na bado nampenda. Alipitiliza hadi jikoni, akajitwika debe tupu, akarudi uani akinyata. Mtu mmoja akavunja kijiti makusudi. Fundi akatoa macho vilevile kama kwenye picha, ila hakungoja kukabwa. Alilibwaga debe miguuni mwa bibi.

"Mzigo wenu huo, Wanyamwezi! Kufeni nao wenyewe!" Akatimua mbio nyuma ya nyumba.

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Bibi alicheka kuliko sote, kisha kicheko chake kikageuka kilio, na hakuna aliyemnyamazisha.

Fundi alirudi, akachuchumaa mbele yake. Safari hii hakufanya mzaha. "Marehemu tumwite nani, mtani?"

Bibi akataja jina la kaka yake. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Hata yeye hakuwahi kulisikia.

Sasa nami ni bibi, na wajukuu hunicheka kwa kupenda filamu za kutisha. Wananiuliza nanong'ona nini mbele ya kioo cha televisheni. Mweusi bado hufa mapema, mara nyingi kabla hatujaambiwa anaitwaje. Basi akitokea tu, namwita kwa jina lile, kabla hawajamuua.