Kaburi Lililonyooka

Baba wa bibi yangu alikuwa mfanyabiashara wa sandarusi, ile gundi ngumu ya miti. Aliileta kutoka Unguja mpaka London, viwanda vya huku vikaiyeyusha kufanyia vanishi ya mabehewa na samani. Safari ya tatu hakurudi. Barua zikakatika, kisha baharia mmoja akaleta maneno kwamba amemwona, kavua kilemba kavaa kofia, anakaa kwa mjane wa Kikristo. Hayo yalitosha. Watu wakasema ameritadi, katoka katika Uislamu, na tangu hapo jina lake halikutajwa katika khitma yoyote ya kuwaombea wafu wa ukoo wetu.

Bibi hakuwahi kubisha. Ila nilipokwenda kumuaga nije huku London, miezi michache baada ya mapinduzi, alinishika mkono. "Huko uendako ndiko alikofia baba. Niangalizie kama alizikwa Kiislamu."

Nikamwambia inshaallah. Ilinichukua zaidi ya miaka arubaini. Kulikuwa na kazi ya reli, watoto, kodi ya nyumba Kilburn. Barua ya kifo cha bibi niliisoma asubuhi, nikaikunja, nikaenda kazini.

Nilipostaafu nikaanza kwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu za mji. Kalamu ya wino unaiacha mlangoni, unaingia na penseli tu. Katika madaftari ya sensa nikausoma mtaa wa viwanda vya vanishi nyumba kwa nyumba: mtengeneza mapipa, mchemsha mafuta, mfua vyuma. Kipupwe cha pili nikamwona katika kitabu cha maziko: jina lake, kazi yake, homa ya mapafu. Nilidhani moyo utaruka. Haukuruka. Nikachonga penseli, nikanakili.

Dada yangu wa Harrow ndiye mwenye khitma yetu ya kila Shaabani, na daftari la marehemu analiweka yeye. Asipoliandika jina, halisomwi. Nikampigia simu.

"Unamtakia nini mtu aliyejitoa mwenyewe?"

"Kaburi litatwambia, dada."

"Kaburi lina mdomo?"

Nikamweleza. Wakristo wa hapa huzikwa miguu mashariki, safu moja. Maiti wetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla, na kibla ya London iko kusini-mashariki. Kama alizikwa na Waislamu wenzake, kaburi lake litakuwa limekaa mshazari, si sawa na majirani.

"Haya, twende," akasema. "Umri wote huu sijaliona kaburi linalosema."

Mlinzi wa makaburi alitupeleka na ramani yake mpaka kwenye ukingo wa mawe uliozama majanini. Nikatoa dira. Nikasimama upande huu, nikasimama upande ule. Kaburi lilikuwa limenyooka na safu, sawasawa na mengine yote.

"Ukiizungusha dira, kaburi litageuka?" dada akauliza.

Nikaitia mfukoni. "Basi. Walisema kweli."

Sikusikia huzuni. Nilisikia baridi ya miguu. Nilimfikiria bibi, na kwamba sasa nina jibu lake, na hayupo wa kupewa.

Dada alikuwa ameichukua ile karatasi niliyonakili, anaisoma kwa miwani. "Hapa, maiti kaletwa na nani?"

"Mjane mwenye nyumba aliyopanga."

"Na nani mwengine?"

"Hakuna mwengine."

Akavua miwani. "Sasa we mzee uliyesoma vyuo, maiti hujilaza mwenyewe? Huyo mama wa watu angeijulia wapi kibla? Mtu kafa peke yake ugenini, hana hata wa kumkosha, nanyi mnamhukumu kwa alivyolazwa na watu wasiomjua."

"Si wewe uliyekuwa ukisema—"

"Ni mimi. Nyamaza, tumsomee."

Tukamsomea Fatiha na Yasini, mlinzi kasimama pembeni kavua kofia. Moyo wa mtu anaujua Mwenyezi Mungu. Sisi tulichoambiwa kilikuwa kofia na nyumba ya kupanga. Alhamdulillahi, nilimshukuru kwa kunipa umri wa kufika pale, ingawa shukurani yenyewe niliitamka tu, kama mtu anayelipa salamu.

Shaabani ilipofika, dada akanipa daftari nisome. Juu kabisa, pembezoni kwa kuwa mistari ilishajaa, alikuwa ameliandika jina la baba wa bibi. Nikalisoma, nikafuatisha la binti yake, nikaendelea chini mpaka mwisho.