Kondoo Aliyeliwa Bila Wakiuru

Teresia Wakiuru wa Ngugi wa Ndungu. Ndungu ndiye aliyefyeka kichaka cha mtelemko wetu hapa juu ya Nyeri. Ngugi, mwanawe na baba yake Wakiuru, aliwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, akarudi bila meno ya mbele na bila kumtaja mwenzake hata mmoja. Wakiuru mwenyewe aliachwa mjane, akasomesha watoto kwa nduma alizolima bondeni na kuuza sokoni Skuta. Nawaeleza haya mapema mjue ni mtu gani waliyedhani atanyamazishwa kwa nyama.

Jirani yake Ngatia alimvunja mkono kwa mpini wa jembe. Wakiuru alikuwa amemkuta aking'oa matoka, yale maua tunayopanda mpakani mwa mashamba, ambayo mtu mwenye akili hayagusi. Mahakama ilimfunga Ngatia miaka miwili. Akakata rufaa, akatoka kwa dhamana, na Jumapili akakaa kiti cha mbele kanisani akiimba kutushinda sote.

Halafu wazee wakaja kwa Wakiuru, wakiongozwa na Simeon, mzee wa kanisa.

"Mama Nyawira, mambo ya majirani humalizwa nyumbani. Wakili wa Ngatia anasema ukimwambia jaji mmesikizana, rufaa itaishia hapo."

"Nani amesikizana?"

"Ngatia ataleta kondoo dume."

"Kwanza arudishe matoka kwa mkono wake, watu wakiona. Na aseme alinipiga. Halafu mlete hata jogoo, nitakula."

Simeon akacheka. "Ati aseme! Si mahakama imeshasema?"

"Mahakama imesema. Yeye bado."

Ngatia hakurudisha hata ua moja. Lakini alichinja. Na kila mtoto wa hapa anajua: nyama ya kupatana huonjwa kwanza na aliyekosewa, na kabla yake hakuna anayegusa. Wao walimwita kaka yake Wakiuru, Mwai, mtu asiyekataa mbavu, akaonja kwa niaba ya dada yake! Kwani mkono uliovunjika ulikuwa wa Mwai? Wakala, wakapangusa midomo, na wakili akaenda kumwambia jaji pande zote zimepatana.

Wakiuru alipata habari kwa mteja akinunua nduma. Siku ya kesi alikuwa mahakamani, mkono kifuani. Jaji alipouliza kama ni kweli, akasimama.

"Mheshimiwa, huyo kondoo sikumwona hata ngozi. Walioshiba ndio wamesamehe."

Watu walicheka. Jaji hakucheka. Alisema hakuna mapatano bila aliyeumizwa, na rufaa itasikizwa kama rufaa nyingine yoyote.

Sasa kijijini Wakiuru anaitwa mkaidi. Mkaidi! Ngatia bado ni ndugu mpendwa. Wanawake wa chama chetu cha akiba wanamwuliza atapata faida gani mwanamume akifungwa. Hakuna aliyemwuliza anafungaje kitambaa kichwani kwa mkono mmoja.

Juzi nilimpelekea uji nikamkuta na Nyawira, bintiye, aliyefika kutoka Sagana. Mfupa uliunga vibaya. Daktari anataka kuuvunja tena aunyooshe, na rufaa itasikizwa Wakiuru akiwa bado wodini.

"Utaenda wewe," alimwambia Nyawira. "Usikae nyuma. Mtu akisema tumepatana, simama useme hapana."

"Na akiwa ni mjomba Mwai, maitu?" Nyawira alimwuliza mama yake.

"Hasa akiwa yeye. Simama kabla hajamaliza."