Trekta la Mama Mkwe

Shivachi, fundi wa Kawangware, huringa kwamba hakuna injini inayomtisha. Na aringe tu, lakini mama mkwe wake humtia kiwewe. Kwao Umaragoli, mwanamume na mama mkwe hawakaribiani. Sasa trekta kuukuu la mama huyo lilikuwa limeletwa kwa lori abadilishe kemshafti, kile chuma cha kufungulia vali, kilichokuwa kimelika. Akafanya kazi mbiombio, atoroke kabla mwenyewe hajafika.

Alikuwa chini ya trekta, kifua wazi, akikaza nati ya mwisho, aliposikia sauti ya mama mkwe. Akavuta miguu ndani kama kobe.

Mama hakumsemesha. Alizungumza na trekta: "Mwambie mwenye miguu chai imefika. Halafu umuulize amekuwekea nini humo ndani, maana kemshafti mpya niliyonunua bado naiona hapa imefungwa kwenye karatasi yake."