Tarehe Thelathini na Moja Februari

Jirani yetu anayetengeneza tovuti tulimbandika jina la Injinia, naye hakulikataa. Mfumo wa zahanati ya mtaa ni kazi ya mikono yake. Ndio unaompangia kila mgonjwa tarehe ya kurudi kuchukua dawa, na siku ya kuuzindua aliwaapia wauguzi kwamba hauwezi kukosea.

Mama yake ana presha. Januari thelathini na moja alipewa vidonge vya wiki nne na tarehe ya kurudi: tatu Machi.

"Mwanangu, Februari imeenda wapi?" aliuliza. "Dawa itaniishia kabla."

"Mama, ile ni kompyuta. Inajua kuhesabu kuliko sisi."

Dawa ikamwishia. Siku ya pili bila vidonge, mama wa watu aliamka akishika ukuta, na hapo ndipo Injinia alipokumbuka kuukagua mfumo wake. Kumbe ile lugha ya kompyuta aliyoandikia mfumo, ukiiambia iongeze mwezi juu ya Januari thelathini na moja, inaitafuta Februari thelathini na moja. Isipoiona haimwulizi mtu, inasonga na zile siku tatu zilizozidi mpaka Machi. Mtoto wa darasa la pili angeuliza. Injinia, na majigambo yake yote, hakuwahi kuijaribu hata tarehe moja ya mwisho wa mwezi.

Wakaja zahanati. Mama akaketi kwenye benchi, kichwa mikononi.

"Siku yake bado," muuguzi akasema. "Mfumo umekataa, na bila ruhusa yake sitoi dawa."

"Dada, mfumo ni wangu. Umekosea."

"Haukosei, kaka. Ulituapia mwenyewe."

Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye foleni, nikacheka mpaka nikapaliwa. Injinia akafungua kompyuta mapajani, akarekebisha: mwezi ukiwa mfupi, mgonjwa apewe siku ya mwisho ya mwezi huo. Safari hii alipatia.

"Haya, fungua tena."

Muuguzi akafungua. Ikatokea Februari ishirini na nane, yaani jana, na chini yake maandishi mekundu ambayo Injinia aliyatunga kwa ajili ya wagonjwa wazembe: *Hukufika siku yako. Rudi mwezi ujao.*

Muuguzi akainua mabega. Kabati la dawa lilikuwa nyuma yake, na vidonge tuliviona sote kupitia kioo. Kicheko kikaniisha.

"Wamesemaje, mwanangu?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

Injinia akaanza kulia.