Mstari wa Mwalimu Winfrida

Mwalimu Winfrida wa Ihanja aliamini falsafa ya Wagiriki wa kale ingewapa wanafunzi wake moyo mgumu. Kila Ijumaa aliwachorea mstari ubaoni: huku yaliyo mikononi mwako, kule yasiyo mikononi mwako. Haya ya pili achana nayo, usijitese. Waliofiwa na waliofeli walianza kucheka tena, na kichwa kikamvimba mwalimu.

Ijumaa moja Eliana, binti wa kidato cha tatu, alimkabidhi daftari huku akitabasamu. Upande wa yasiyo mikononi mwake aliandika: “Mvua. Ng’ombe wa mahari yangu wameshaingia zizini kwa baba. Naolewa tukishavuna alizeti.”

“Eliana! Na unacheka?”

“Sijitesi, Mwalimu. Si ulitufundisha wewe?”

Winfrida aligeukia ubao. Mfano alioandika asubuhi kwa mkono wake mwenyewe ulikuwa bado pale, upande wa kuachana nayo: “Mvua. Maamuzi ya wazazi.”

Aliufuta wote kwa kiganja, na mstari wake.

“Inuka. Twende kwa baba yako.”

Eliana hakuinuka. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

“Mwalimu,” alisema, “mimi nilikuwa nimeshatulia.”