Siku Niliyopeleka Nyungu za Bakwe Pikiniki

Mkicheka, chekeni polepole, maana mimi mwenyewe hii habari sijawahi kuicheka, na mpaka leo nikipita upande ule wa mto ninageuza uso kama mtu anayedaiwa. Nimeificha miaka mingi kwa kusema eti tumbo linanisumbua. Tumbo langu ni zima kabisa. Nilijiaibisha mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya komini nzima ya Kenya (mtaa wetu hapa mjini, si ile nchi), na hakuna aliyenisukuma.

Ilikuwa wakati ule Katanga imejitenga, na mji huu bado unaitwa Elisabethville. Nilikuwa kijana wa tai na viatu vya kung'aa, nafanya kazi katikati ya mji kwenye magazini, duka la mama mmoja Mgriki aliyewauzia Wazungu vyakula vya kujidai: divai, soseji kavu, na jibini (sisi tuliita fromaji) zenye harufu ambayo ukiisikia nyumbani kwako utatafuta panya aliyefia kabatini. Kazi yangu ilikuwa kupanga vikapu, vya zawadi na vya pikiniki, na niliijua vizuri, divai nyeupe inakwenda na samaki, nyekundu na nyama, fromaji inangoja mwisho, na kila Jumamosi nilibeba vikapu mpaka kwenye magari yao na kuwaangalia wakienda kukaa kwenye majani kule mtoni. Mimi majani yale sikuwahi kuyakalia. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Sasa, nilikuwa nimemposa Josefina, na watu wake ni wa Kilwa, si ile ya pwani, ni hii yetu ya Katanga kule kwenye ziwa. Kwao mwanaume aliyeposa hali kitu kwa bakwe, yaani wakwe zake, hata maji hanywi, mpaka siku wanawake wa ukoo watakapompikia kila aina ya chakula anachokijua binti yao, na kumletea nyumbani kwake. Siku hiyo anakaa ndani, anaonja kila nyungu yeye wa kwanza, na firigisi ya kuku anaila peke yake, haigawi na mtu, kwa kuwa mwenye kula firigisi ndiye waliyemkubali kuwa mume. Akishakula, mlango umefunguka, atakula kwao mpaka uzee. Baba mdogo aliyenisimamia kwenye posa alinieleza yote haya, akamaliza kwa kusema, "Siku ile usitoke mu nyumba." Hata mtoto angeelewa.

Na mjue ilikuwa taabu kupata chakula siku zile. Barabara zilikuwa zimekatwa, leo risasi upande huu, kesho upande ule, chumvi yenyewe ilitafutwa kama dawa. Samaki walitoka Kilwa wamefichwa ndani ya magunia ya makaa, uyoga wamama waliufuata porini kwa miguu, na kuku alikuwa jogoo wa mwisho wa Mama Mwansa, shangazi yake Josefina, mwanamke asiyepaza sauti kamwe na ambaye kwa sababu hiyo kila mtu alimwogopa.

Wakaja Jumapili asubuhi na nyungu vichwani, wanaimba, majirani wote nje. Waliziweka chini, zimefunikwa na kufungwa vitambaa, wakaondoka bila kunitazama usoni kama inavyotakiwa, na mchana wangerudi kuchukua vyombo vyao na kunisikiliza nikisifu chakula. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya, nilitaka kulia. Kama ningekaa chini wakati ule ule nikanawa mikono, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini akaingia Gaspard, mwenzangu wa magazini, na baiskeli yake ya magurudumu matatu aliyopelekea wateja mizigo. Na mezani kwangu kulikuwa na chupa ya divai nyeupe na kipande cha fromaji, zawadi ya arusi kutoka kwa yule mama Mgriki (alikuwa anafunga mizigo akimbie vita, alikuwa anagawa vitu). Nikafunua nyungu moja, samaki wa Kilwa ndani ya karanga, harufu yake ikanipanda kichwani, nikamtazama samaki, nikaitazama chupa.

"Gaspard, hii samaki iko naomba divai."

"Basi fungua, tukule."

"Hapa? Mu hii joto ya mabati? Twende ku mto, pale Bazungu balikuwa banafanya pikiniki. Sasa hakuna muntu."

"Na baba yako mudogo alisema nini?"

"Baba mudogo haiko muntu wa divai," nikamjibu, na nikajiona nimesema neno la akili.

Basi tukazipakia nyungu zote kwenye ile baiskeli, mimi na tai yangu nikisukuma nyuma, tukaenda. Hatukufika. Njiani basoda, askari wa kigeni, wale wa kofia za buluu waliokuja kupigana na Katanga yetu, walikuwa wamepanga mapipa katikati ya barabara, na mmoja wao, kijana mrefu mwenye uso mwekundu wa jua, alipoona vijana wawili wenye tai wanasukuma vyombo vilivyofungwa vitambaa wakati wa vita, alituinulia bunduki. Lugha yake hatuijui, yetu haijui. Nikainua mikono, nikapiga magoti, nikafungua nyungu ya kwanza ili aone si bomu.

Akanusa. Bunduki ikashuka. Alikuwa mtoto wa watu tu, amechoka, amekula vya mikebe tangu sijui lini. Mtu mwenye akili angefunika nyungu yake, ashukuru, ageuze baiskeli. Mimi (mniache nipumzike kidogo hapa, maana hapa ndipo huwa najichukia) niliona nimepata mteja. Nikafungua divai, nikamwekea samaki kwenye kifuniko, nikamwonyesha kwa mikono: onja hiki, sasa kunywa hiki, unaona? Akaona. Akawaita wenzake, wakaja wakachuchumaa tukiwazunguka na nyungu, na mimi natoka kwa huyu kwenda kwa yule, nawapa uyoga, nawapa viwavi vya kukaanga, nawakatia fromaji, nawasahihisha hata namna ya kushika kikombe. Sijawahi kufanya kazi vizuri kama siku ile.

Gaspard akanivuta shati. "Yule wa kwanza," akasema, "angalia anatafuna nini."

Wanawake walikuwa wameiweka firigisi juu kabisa ya kuku, ili niione nikifunua tu. Kijana aliimeza, akaniinulia dole gumba. Ungefanya nini? Yeye ana bunduki, na firigisi ikishamezwa haina njia ya kurudi. Wakati huohuo wanawake wa soko la Kenya walikuwa wanapita na mizigo yao, wakasimama, wakatutazama, mmoja akaninyooshea kidole akasema kwa sauti ya kusikika, "Angalia, iko nalisha benye kutuua," wakaharakisha kwenda. Nilijua wanakwenda wapi.

Tulirudi na nyungu tupu. Mimi mwenyewe sikuwa nimeonja hata kijiko, na kwenye majani sikukaa. Mama Mwansa na wenzake walikuwa tayari mlangoni pangu, wamekaa kwenye mkeka, na majirani wamejaa hadi barabarani kuliko ile asubuhi ya nyimbo. Walituona tunateremsha vyombo kutoka kwenye baiskeli. Hakuna aliyeuliza vinatoka wapi.

"Mukwe," Mama Mwansa akasema kwa upole wake ule, "ulikula?"

"Ndiyo, mama. Nilikula byote."

"Samaki ilikuwa namna gani?"

"Muzuri sana, mama."

"Na kuku?"

"Nayo muzuri. Firigisi pia."

"Na ile kanyungu kadogo, ya kitambaa kyekundu?"

Kanyungu kadogo sikuwa nimekafungua. Nilikuwa nimekaona tu pembeni ya baiskeli, na mmoja wa basoda alikamwaga nyuma ya mgongo wangu ili akalie juu yake, basi nikafikiri haraka, nikafikiri labda uyoga wa aina nyingine, labda asali, nikasema, "Kale ndiyo kalinishinda, mama. Katamu kupita byote. Nililamba mupaka chini."

Halafu mwanamke mmoja nyuma akaweka kitenge mdomoni.

"Kale kalikuwa mayi ya kunawa mikono, mukwe," Mama Mwansa akasema.

Barabara nzima ikacheka. Gaspard, rafiki yangu mpenzi, alikuwa anacheka pia, nilimwona. Mama Mwansa peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akaniuliza, "Na ule soda wa kofia ya buluu, njaa ilimutoka?" Kumbe alijua tangu mwanzo, aliniacha nijichimbie mwenyewe. "Hatupikie muntu mara mbili," akasema. "Mwenye kukula firigisi, akuye aoe." Wakabeba nyungu zao wakaenda, na Josefina, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya nyumba ya jirani (hakutakiwa kuwepo, lakini alitaka kuona namna nitakavyopokelewa), akawafuata bila kunitazama. Hapo nilifahamu nimempoteza, nikakaa chini mavumbini na tai yangu.

Baba mdogo, alipochoka kunitukana, alisema dawa ni kumtafuta yule kijana aje atamke mbele ya wanawake kwamba yeye hana haja na Josefina. Na mimi nilikwenda kweli, nimeshika maua, kwenda kumbembeleza soda mwenye bunduki aniachie mchumba. Walikuwa wamehamishwa. Nilikuta mapipa na maganda ya risasi.

Josefina nilimwoa vita vilipokwisha, baada ya baba mdogo kumaliza viatu kwa kwenda kuomba msamaha. Binti yao walinipa, lakini chakula hawakurudia kukipika, na Mama Mwansa alikufa bila kunisamehe, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeufunga ule mlango hakuna mwingine anayethubutu kufungua. Basi mimi ni mukwe mwenye watoto na wajukuu na sijawahi kula kwa bakwe. Kuna arusi, kuna matanga, kuna Noeli, wenzangu wako ndani na mimi niko uani, nikiulizwa nasema tumbo. Divai sijaigusa tena, na mtu akinialika pikiniki namwambia nina kazi.

Mwaka mmoja, tumerudi kutoka kwao, nilinung'unika na njaa yangu, nikasema watu gani hawa, kifirigisi kidogo tu, ukubwa wake kidole. Josefina alikuwa amepika kule tangu asubuhi, miguu imevimba, na sasa alikuwa anapuliza moto upya ili mimi nipate bukari, ugali wetu.

"Haiko sababu ya firigisi," akasema bila kugeuka. "Bamama balitembea porini na vita iko, na weye uliona chakula chetu hakistahili kukuliwa mu nyumba yako, mupaka kiende kukaa na divai ya Bazungu."

Nilitaka kumwambia haikuwa hivyo, ya kwamba nilikionea fahari, ya kwamba nilitaka dunia yote ikionje. Akanipa sahani, akaenda kulala bila kula.